Hivi watengenezaji wa konsoli wanathamini gemu za bunduki na picha kali kuliko ubunifu?

MshikaPedi

Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo linanikera muda mrefu, naomba tulijadili kwa hoja, ushabiki wa Sony na Xbox tuuweke kando.

Kila konsoli mpya ikitoka huwa naangalia gemu gani inatangulizwa mbele ya watu. Xbox ya kwanza, 2001: Halo. Xbox 360, 2005: Perfect Dark Zero, na pembeni yake Call of Duty 2. PlayStation 3, 2006: Resistance. PlayStation 4, 2013: Killzone: Shadow Fall. Kampuni mbili tofauti, miaka 12, na kila mara anayetolewa kutusalimia ni mtu kashika bunduki, picha zikiwa kali kuliko za konsoli iliyotangulia. Kisha Januari 2022 Microsoft wakatangaza kuinunua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7, na karibu miaka miwili nzima mabishano makubwa yakawa juu ya Call of Duty: nani ataipata, na kwa muda gani.

Sasa tazameni upande wa pili. Sony walikuwa na Japan Studio, iliyotupa Ico mwaka 2001. Kwa ambao hawajaicheza nitaeleza kitu kimoja tu. Ukishikilia kitufe cha R1, yule kijana mwenye pembe anamshika mkono binti aliyemkuta ngomeni. Ukiachia kitufe, na mkono unaachia. Ukikimbia naye, pedi inatetemeka viganjani mwako kila anapovutwa, kwa sababu yeye si mwepesi kama wewe. Kwenye skrini hakuna kipimo cha uhai wala idadi ya risasi. Kinachokuambia kwamba binti bado yuko nawe ni kidole chako. Mimi nilikuwa nakishikilia kile kitufe hata sehemu zisizo na hatari yoyote, kwa sababu tu sikutaka kumwacha. Picha zake leo ni za kizamani, ila ile hisia haijapungua hata chembe. Timu hiyohiyo ya Fumito Ueda ikatuletea Shadow of the Colossus mwaka 2005. Aprili 2021 Japan Studio ikavunjwa, ikabaki timu yake moja tu, Team Asobi.

Microsoft nao hivyohivyo. Tango Gameworks walitoa Hi-Fi Rush Januari 2023, gemu ambayo kila pigo na kila hatua inakwenda na mdundo wa muziki, mpaka mazingira yenyewe yanachezacheza. Ikasifiwa kila kona. Mei 2024 ikatangazwa kwamba studio inafungwa. Bahati nzuri Krafton, kampuni ya gemu ya Korea Kusini, walijitokeza Agosti mwaka huohuo wakaichukua.

Swali langu: kampuni hizi zimeshaamua kwamba bunduki na picha ndivyo vinavyouza na ubunifu ukae pembeni kama pambo? Au kuna kitu ndani ya biashara yenyewe kinachowasukuma huko hata wasipotaka? Nauliza kwa uchungu kwa sababu naipenda sana sanaa hii. Mwenye kuzijua hesabu zao ashushe nondo.

---

Fremu60

Mkuu, tusiwalaumu bure. Call of Duty karibu kila mwaka iko juu kabisa kwenye mauzo ya Marekani, na hakuna anayewalazimisha watu kufungua pochi. Mtu katoka kazini kachoka, anawasha, dakika hiyohiyo yuko na wenzake wanapambana, wanacheka, anazima analala. Anajua anachokipata. Ico naiheshimu sana, lakini ilisifiwa na wahakiki ikadoda madukani. Kampuni ifanye nini hapo?

Na picha kali si dhambi jamani. Nikiwa kwenye gemu ya mbio nikaona matone ya mvua yanavyoteleza kwenye kioo cha gari kadiri mwendo unavyoongezeka, nafurahi kwa dhati. Kuna fundi alikaa akalifikiria lile tone. Huo nao ni ubunifu.

---

BintiKatriji

MshikaPedi, umeshitaki watu wawili kwa kesi moja. Mimi bunduki ningeiachia huru, nikabaki na picha, kwa sababu ya gharama yake.

Anza na konsoli inavyoingiza pesa. Mwenye konsoli anakata takriban asilimia 30 ya kila gemu inayouzwa kwenye duka lake la mtandaoni, pamoja na vinavyouzwa ndani ya gemu: mavazi ya mhusika, rangi za bunduki, tiketi za msimu. Maana yake Sony wanakula kwenye Call of Duty bila kuchora hata ukuta mmoja wa gemu hiyo. Gemu inayochezwa kila usiku mwaka mzima inawaingizia kuliko gemu ya saa saba inayokugusa moyo, unaimaliza, unaiweka kabatini. Ndiyo maana walipambana vile kuupinga ununuzi wa Activision mbele ya wadhibiti wa Uingereza na Marekani, mpaka Julai 2023 wakasaini na Microsoft mkataba wa miaka 10 wa kuibakisha Call of Duty kwenye PlayStation. Walikuwa wanalinda mgawo wao.

Hiyo inaeleza kwa nini wanazipenda gemu za watu wengi. Woga wa kujaribu kitu kipya unatoka kwingine, unatoka kwenye bei ya kutengeneza. Mwaka 2023, kwenye kesi ya Marekani kuhusu ununuzi huo, kuna nyaraka za Sony zilifika mahakamani tarakimu zikiwa zimefutwa kwa kalamu ya wino mweusi. Zilipopigwa skani zikasomeka. The Last of Us Part II ilikula kama dola milioni 220, Horizon Forbidden West dola milioni 212. Ya kwanza ilinitoa machozi, sina neno baya juu yake. Lakini kaa kwenye kiti cha anayeidhinisha milioni 220. Akija mtu na wazo ambalo halijawahi kufanywa popote, utaidhinisha? Mimi ningemwomba aniletee mwendelezo wa kitu ambacho watu walishakipenda.

Na hiyo pesa nyingi ni mishahara ya watu kwa miaka. Konsoli ikiweza kuonyesha vinyweleo vya shavuni, lazima awepo wa kuvichora, na mwingine wa kuhakikisha mwanga unapenya kwenye sikio inavyotakiwa, na waigizaji wa kunaswa mwendo, na wa kusafisha kilichonaswa. Kila kizazi cha konsoli kinaongeza kazi hiyo, huku tofauti anayoiona mchezaji ikizidi kuwa ndogo. Tofauti kati ya PlayStation 1 na 2 hata bibi yangu angeiona kutoka mlangoni. Kati ya 4 na 5 watu wanasimamisha video na kuvuta picha karibu ili wabishane.

Halafu sikilizeni hili. Septemba 2024 Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation, alipokuwa anaitambulisha PS5 Pro alisema kwamba wachezaji wakipewa nafasi ya kuchagua kati ya ubora wa picha na ulaini wa mwendo, karibu robo tatu wanachagua ulaini. Robo tatu! Watu wanaishusha picha kwa hiari yao ili kidole kikibonyeza kijibiwe upesi. Jibu walilopewa ni konsoli ya dola 699 ili wapate vyote viwili.

Kwa nini basi hawaachi? Kwa sababu picha inaonekana kwenye trela. Chukua ile R1 yako ya Ico uiweke kwenye trela ya dakika mbili: mtazamaji ataona kijana kamshika binti mkono, basi. Mtetemo haumfikii. Ubunifu wa gemu unatokea kati ya kidole na kichwa, na hakuna kamera inayofika hapo.

Nintendo walilielewa hili zamani. Game Boy ya 1989 ilikuwa na skrini ya kijanikijani, vivuli vinne tu, haina hata taa. Sega wakaja na Game Gear, ina rangi, ina taa, kwa macho ni nzuri kuliko Game Boy kwa kila kitu. Ila ilitaka betri sita na ilizimaliza ndani ya saa chache, wakati Game Boy kwa betri nne inakwenda zaidi ya saa kumi. Game Boy na Game Boy Color kwa pamoja ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Gunpei Yokoi aliyeisimamia alikuwa na msimamo wake: chukua kifaa kilichokwisha zoeleka na kushuka bei, kitafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Wii ya 2006 ilifuata njia hiyohiyo. Haikuwa na picha za HD kabisa, ikauza zaidi ya milioni 101 na kuzipita PS3 na Xbox 360.

---

NgomeYaMchanga

Naunga mkono bunduki kuachiwa huru, na naomba niitetee zaidi, maana mimi ni mtu wa gemu hizo na nimechoka kuonekana kama sina akili.

Portal ya 2007. Unaona kwa macho ya mhusika, mkononi una bunduki, unalenga, unafyatua. Kinachotoka ni tundu: moja ukutani, lingine sakafuni, unaingia huku unatokea kule na kasi yako ileile uliyoingia nayo. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Valve wakawaajiri timu nzima.

Splatoon ya 2015, hao hao Nintendo. Walipoanza kuijaribu wahusika walikuwa maboksi meupe na meusi mfano wa tofu, yanarushiana wino. Kwenye pambano lake kuu timu inashinda kwa eneo iliyolipaka rangi. Hukuua mtu hata mmoja lakini umepaka sakafu vizuri nyuma ya wenzako? Umechangia ushindi. Tena unageuka ngisi, unaogelea ndani ya wino wa rangi yako na humohumo unajaza risasi. Wazo moja la wino limekuwa barabara, maficho na ghala. Nionyesheni gemu yoyote isiyo na bunduki iliyobana mambo matatu kwenye kitendo kimoja namna hiyo.

Na Helldivers 2 ya Februari 2024, iliyotolewa na Sony wenyewe. Ukitaka kuitiwa bomu kutoka angani unashikilia kitufe na kubonyeza mishale kwa mpangilio: kulia, kulia, juu, na kuendelea. Mdudu mkubwa anakuja mbio, wewe umesimama unabonyeza mishale, ukikosea mmoja unaanza upya, mwenzako anapiga kelele sikioni, halafu bomu likishuka halichagui, linawaua na wenzako. Hofu yote ile imetengenezwa kwa vitufe vinne ambavyo gemu nyingi zinavitumia kuchagua silaha. Ziliuzwa nakala milioni 12 ndani ya wiki 12.

Mwaka huohuo Sony walitoa Concord, nayo ya bunduki, picha safi kabisa, ilitoka Agosti 23 ikazimwa Septemba 6, watu wakarudishiwa pesa, na Oktoba studio ikafungwa. Bunduki ni zilezile. Moja ilikuwa na kitu cha kusema, nyingine ilifika kwenye uwanja uliokwisha jaa.

---

MshikaPedi

Nashukuru sana, hizi ndizo nondo nilizokuwa naziomba. BintiKatriji, hiyo ya kidole na kichwa nitakaa nayo.

Ila ngome ya hoja yenu ina tundu. Hebu tazameni mifano ya Ngome ilikotoka. Portal ni wanafunzi, na Valve wakati ule hawana konsoli. Helldivers 2 ni Arrowhead, studio ya nje huko Sweden, Sony wamelipia na kutoa. Concord, ambayo ilitoka ndani ya nyumba ya Sony, ndiyo iliyoiga wengine. Ukiwaondoa Nintendo, kitu kipya kinatoka nje, mwenye konsoli anakata asilimia 30 yake. Papers, Please, mtu mmoja. Baba Is You, mtu mmoja. Balatro ya 2024, mtu mmoja, ikaingia kwenye orodha ya kuwania gemu ya mwaka pamoja na vigogo. Hawa hawakuhitaji PS5 Pro. Wengi wao hata PS3 ingewabeba.

Kwa hiyo nauliza tena, kwa ukali kidogo: yule anayetengeneza mashine, anayejua kila waya uliomo, wajibu wake kwenye ubunifu ni upi? Au ni mwenye soko tu anayekusanya ushuru getini?

---

Fremu60

Mkuu, wamejaribu, na walipojaribu tuliwaadhibu. Kinect ilitoka 2010, kamera inayosoma mwili mzima, huhitaji pedi. Iliuza milioni 8 ndani ya siku 60. Microsoft wakaiamini kiasi kwamba 2013 wakaifunga pamoja na Xbox One kwa dola 499. PS4 ikatoka kwa 399, haina maajabu yoyote, ina nguvu zaidi na ni nafuu. Nani alishinda? Mwaka uliofuata wakaanza kuiuza Xbox bila Kinect, na 2017 ikaacha kutengenezwa. Nintendo nao na Wii U, pedi yenye skrini yake: haikufika hata milioni 14. Baada ya hapo mkurugenzi gani atasimama mbele ya wanahisa aseme anataka kujaribu jambo geni?

---

BintiKatriji

Fremu60, hiyo ni hoja nzito. Lakini tazama kilichofuata. Baada ya Wii U Nintendo walibaki na lile wazo la skrini mkononi, wakaondoa kilichokuwa kinalikwamisha: skrini ya Wii U ilikuwa haiendi mbali na mashine yake. Wakaitia mashine nzima ndani ya skrini, ikawa Switch, 2017, na sasa imepita milioni 150. Microsoft walipoumia kwa Kinect waliacha kabisa. Hao walikuwa na pesa za kuvumilia kuliko Nintendo.

Tena Kinect ilikuwa na tatizo lake la mkononi ambalo trela haikuweza kulionyesha: unanyanyua mkono, kitambo kidogo kinapita, ndipo mhusika ananyanyua wake. Kwenye kucheza dansi hilo halikusumbui. Kwenye kitu kinachotaka wepesi linakutoa mchezoni kabisa. Lile wazo lilihitaji gemu zilizotungwa kwa ajili yake, na walioachiwa kazi hiyo wengi walichukua gemu za pedi wakazivisha kamera.

---

NgomeYaMchanga

Kuhusu wajibu wa mwenye mashine: DualSense, pedi ya PS5, mnaisahau. Astro's Playroom imo ndani ya kila PS5 tangu 2020, bure. Ukipita kwenye mchanga unausikia mchanga viganjani, ukipita kwenye kioo unasikia kioo, na ukivuta kamba kitufe cha nyuma kinakaza mpaka kidole kinafanya kazi kweli. Waliofanya ni Team Asobi, wale wale waliobaki Japan Studio ilipovunjwa. Mwaka 2024 wakatoa Astro Bot, timu ya watu kama 60, ikachukua gemu ya mwaka kwenye The Game Awards.

---

MshikaPedi

Ngome, umenipa nguvu, maana huo ndio mfano ninaoutaka. Watu 60 waliokaa karibu na waliotengeneza pedi, wakaijua, wakatunga gemu kutokana na pedi yenyewe. Gemu nyingine nyingi za PS5 kile kitufe zimekitumia kukazana unapovuta upinde, na basi.

Na Sony hawahitaji kujifunza hili kwa mtu. Walikuwa wanalijua. Waliwachukua thatgamecompany, vijana waliokuwa wametoka chuo hivi karibuni, wakawapa mkataba wa gemu tatu. Gemu tatu, kabla hawajathibitisha kitu kikubwa. Ikatoka flOw, ikatoka Flower 2009, na ya tatu ni Journey, 2012. Mle ndani unakutana jangwani na mtu halisi aliyeunganishwa kwa mtandao, humjui jina, huwezi kumwandikia wala kumwambia neno. Una mlio mmoja tu wa kumwitia, mfupi au mrefu kulingana na unavyobonyeza. Kwenye mlima wa theluji mkisogeleana mnapeana joto na skafu zenu zinawaka tena. Mimi na mtu nisiyemjua tulipanda ule mlima tumegandana, kila nikiita naye anaita. Majina unayaona mwishoni kabisa, gemu ikishaisha.

Ile ya tatu isingekuwepo kama wangepewa nafasi ya gemu moja tu. Ninachokitaka kwa wenye konsoli ni hicho: kati ya milioni 220 za gemu moja kubwa, watenge sehemu ndogo, wawape watu wachache mkataba wa gemu tatu, na wawakalishe meza moja na wanaounda pedi ijayo kabla umbo lake halijaamuliwa. Call of Duty iendelee, sina ugomvi nayo.

---

Fremu60

Hapo nakubaliana nawe, hasa hilo la kukaa meza moja kabla pedi haijaamuliwa. Na tuwatazame Nintendo wenyewe sasa, maana Switch 2 ya 2025 imeongeza nguvu ya picha mpaka 4K ikiwa kwenye televisheni, ila Joy-Con, zile pedi zake ndogo za pembeni, ukiilaza mezani inageuka mausi ya kompyuta. Kwenye Drag x Drive unazilaza zote mbili, kila mkono unasukuma gurudumu lake la kiti cha magurudumu, unacheza mpira wa kikapu. Nimeijaribu. Kukata kona unabana mkono mmoja na kusukuma mwingine, na mabega yanachoka kweli. Nataka kuona nani mwingine atalitumia lile wazo, au litaachwa hapohapo.